Wosia Niliokuandikia, Sindano

Tarehe 9 Februari

Kwako dada yangu wa dawati, Sindano,

Hujambo mama? Watoto, kama wapo, hawajambo? Na cherehani nayo, haijambo? Mimi mzima, ila magoti yameanza kunisema kila nikipanda ngazi.

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi Redio, uliyekaa naye dawati moja miaka minne ukiniziba mdomo kwa kiganja kila mwalimu alipogeukia ubao. Anwani yako nimepewa na Nesi. Unamkumbuka? Yule aliyezimia siku tulipompasua chura, akaanguka chali na chura akamfuata kifuani. Leo hii ndiye anayechoma watu sindano kutwa nzima, na bado anafumba jicho moja. Ameniambia hupokei simu ya namba usiyoijua, basi nimerudi kwenye kalamu.

Kuna jambo. Mwaka huu darasa letu linatimiza miaka ishirini na mitano tangu tuagane. Kamati imeshaundwa na mwenyekiti ni Shangazi, nani mwingine? Alikuwa kiranja tukiwa watoto, atakuwa kiranja hadi kaburini. Tutakutana tarehe 30 Mei, katika ukumbi ule ule wa shule. Mshereheshaji ni mimi, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha siku hizi. Harusi, sherehe za ofisi, penye kipaza sauti utanikuta nimekishika.

Sasa sikiliza hili. Daftari la wosia limepatikana! Lilikuwa kwa Twiga, chini ya kitanda, panya wamekula jalada tu. Unakumbuka utaratibu wetu: siku ya kuagana, majuma matatu kabla ya mtihani wa mwisho, kidato cha nne kinajifanya kimekufa, na kila marehemu anawaachia kidato cha tatu urithi wake. Mimi nilikuwa karani wa marehemu wote arobaini na mmoja. Bwana Kesho: "Nawaachia kazi zangu zote za nyumbani za miaka minne. Hazijaguswa, ni mpya kabisa." Twiga: "Namwachia mfupi yeyote kiti changu cha nyuma. Mguu mmoja ni wa kuazima, akikalie kwa adabu." Mgeni rasmi alicheka hadi akavua miwani.

Kamati inataka niusome wosia wote tena, na kila mwenye wake asimame. Wako uko ukurasa wa kumi na tisa. Naomba ruhusa yako niusome. Najua siku ile mambo yaliharibika kidogo, lakini yameshapita na sisi ni watu wazima. Njoo tucheke, mwenzangu.

Dada yako wa dawati,
Redio


Tarehe 20 Machi

Mpenzi Sindano,

Salamu tena. Natumaini u mzima na nyumba yako yote ni nzima. Huku kwetu mafua yanatuzungukia kwa zamu, leo zamu ni yangu.

Kimya chako kimenifikia. Nimemuuliza Nesi, ameniapia kwamba anwani ni sahihi na kwamba aliiona barua yangu mezani kwako, imefunguliwa. Basi umeisoma.

Jana nililifungua daftari nikausoma ukurasa wa kumi na tisa peke yangu, bila ukumbi na bila watu. Haukunichekesha. Nilibaki nao mapajani hadi mafua yakanisahau. Kama hutaki niusome, sema neno moja tu, nitauruka. Nitasema ukurasa umeliwa na panya.

Ila njoo. Wanawake wa darasa wanakuulizia. Nusu yao walisimama jukwaani siku ile wakiwa na sketi ulizowapindia wewe, hawajasahau.

Dada yako,
Redio


Tarehe 2 Aprili

Redio,

Barua zako mbili nimezipata. Sisi wazima, isipokuwa baba, na habari zake nitakueleza. Nawe upone mafua.

Umeandika kwamba mambo "yaliharibika kidogo". Neno hilo nililisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti, nikalisoma tena. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, kwa hiyo nitakukumbusha.

Siku moja kabla ya kuagana ulinijia na daftari. Mimi nilikuwa na sketi tisa za kupinda. Nikakwambia sina nafasi ya wosia, andika chochote. Ukaandika: "Mimi Sindano, mwenye akili timamu, nawaachia kidato cha tatu ufunguo wangu wa siri wa stoo ya maabara. Wautumie vizuri. Mimi nilichokitaka nimeshachukua." Ulikuwa unanitania kwa sababu kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni pa maabara. Hukujua, nami sikujua, kwamba juma lile hadubini ilikuwa imepotea stoo na walimu walikuwa wamenyamaza wakimvizia mwizi. Ulipousoma watu walicheka. Baba yangu alikuwa safu ya pili, amevaa suti aliyoishona mwenyewe, akicheka kuliko wote. Alicheka hadi mwalimu mkuu aliposimama.

Hapo sikulaumu. Utani ni utani. Kosa lako ulilifanya ofisini. Mwalimu mkuu alikuuliza mbele yangu na mbele ya baba, "Haya ni maneno ya nani?" Ukajibu, "Kila mtu alinipa ya kwake, mimi niliandika tu." Nilikutazama. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

Nilirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Mtihani sikuufanya, na kwa barua niliyopewa hakuna shule iliyonipokea mwaka uliofuata. Nilitaka kufanya kazi ya maabara, unajua wewe kuliko mtu yeyote. Ninashona sare za wanafunzi, mwaka wa ishirini na tano huu.

Hayo yangu nimeyazoea. Sasa ya baba. Unamkumbuka jinsi alivyokuwa, mteja akija kuchukua nguo anarudishiwa hata vipande vilivyobaki, vimefungwa kwa uzi. Mtu wa namna hiyo alikaa ofisini akasikia kwamba bintiye ni mwizi na amejitangaza kwa kinywa chake. Hakunipiga. Njiani aliniuliza, "Ule ufunguo umeurudisha?" Nikamwambia sikuwa na ufunguo wowote. Nilipoanza kazi naye dukani, miaka sita hakuniacha peke yangu na kitambaa cha mteja.

Baba sasa ana ugonjwa wa kusahau. Amesahau kwamba mama alifariki, anauliza mbona hajarudi sokoni. Majina ya wanangu hayakumbuki. Lakini hilo moja limemganda. Kila nikimwekea chakula ananishika mkono, "Mwanangu, ule ufunguo umeurudisha?" Nikimwambia sikuwa nao, anasukuma sahani. Amekonda, Redio. Zipo asubuhi chache ambazo akili inamrudia na anakuwa baba yangu kabisa. Daktari anasema zitazidi kupungua.

Wosia wangu usome au usiusome, shauri yako. Mimi nataka kitu kimoja. Njoo umwambie baba kwa mdomo wako kwamba maneno yale yalikuwa yako. Mimi hanisadiki. Wewe ulikuwepo ofisini, atakusadiki. Njoo asubuhi.

Ni mimi, binti wa fundi


Tarehe 11 Aprili

Sindano dada yangu,

Sina hata la kuulizia hali. Hali umenieleza.

Ya baba sikuyajua. Nilijua ulirudishwa nyumbani, nani hakujua, lakini nilijipa moyo kwamba mwaka uliofuata ulifanya mtihani mahali pengine, ukaolewa, ukasahau. Mtu akitaka kulala usingizi hujitandikia mwenyewe.

Nitakuja. Jumamosi tarehe 25 Aprili, saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu. Siku hiyo sina kazi yoyote, na hata ningekuwa nayo ningeiacha. Mwambie baba anitarajie.

Dada yako,
Redio


Tarehe 27 Aprili

Redio,

Natumaini u mzima, maana kama si ugonjwa sijui niseme ni nini.

Jumamosi baba aliamka akiwa yeye. Alinisalimia kwa jina. Nikamwambia kuna mgeni anakuja kwa ajili yake, akaomba koti lake na kitana. Nilimweka kibarazani saa mbili kasoro. Saa nne alinisimulia jinsi alivyomshonea mama nguo ya harusi bila kumpima, kwa kumkadiria tu kwa macho. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Saa sita akaanza kuuliza tunamngoja nani. Saa saba aliniuliza mimi ni nani.

Sitakuandikia tena.

Binti wa fundi


Tarehe 6 Mei

Sindano,

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba ilitokea harusi ya ghafla na bwana harusi ni mtu mkubwa. Nimeichana karatasi hiyo. Naanza upya.

Nilikuja. Saa mbili na nusu nilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la rangi. Nilimwona baba kibarazani na koti lake. Nilikuona ukimletea maji na kumfuta kidevu. Mwenye duka la rangi aliniuliza mara mbili kama nataka rangi. Mimi ninayesimama mbele za watu mia tano bila karatasi mkononi nilishindwa kuvuka barabara ya hatua kumi. Saa nne nikapanda gari nikarudi.

Na kuna jingine, nitoe yote. Ile hadubini ilipatikana. Ilikuwa imepelekwa kwa fundi wa vioo, na aliyekuwa akitunza stoo hakuandika popote. Iliporudi, mwaka mmoja baadaye, waliiweka kabatini wakanyamaza. Mimi niliambiwa na Shangazi nikiwa chuoni. Miaka ishirini na minne nimelijua hilo. Nilijiambia shule itawaandikia. Baadaye nikajiambia ni zamani mno, nitakutonesha kidonda bure. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nilifundishwa hivyo tangu utoto, na mimi nilijikwaa ulimi nikakuacha wewe uchechemee.

Pale ofisini niliogopa. Nilikuwa wa kwanza kwetu kufika kidato cha nne, na mama yangu alikuwa amekaa nje ya ofisi ile na kilemba kipya. Niliwaza kwamba mmoja wetu atarudi nyumbani leo, na mdomo ukachagua kabla sijauzuia. Sisemi hivi ili unihurumie. Nakwambia ilivyokuwa.

Usiponijibu, nitakuja hata hivyo. Jumamosi tarehe 16 Mei, na mara hii namleta Nesi anisukume mgongoni.

Redio wako


Tarehe 18 Mei

Dada Redio,

Natumaini ulifika salama na Nesi naye alifika.

Uliondoka saa nne, hukuona yaliyofuata. Ulipokuwa umepiga magoti mbele yake, baba alikufanya urudie mara tatu, nawe ukarudia mara tatu, bila mzaha wala madoido. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukisema hivyo. Kisha akageukia barabara akaitazama, nawe ukadhani hakuelewa. Alielewa. Mlipopinda kona aliniita. Alinishika uso kwa mikono miwili kama nina miaka mitano, akasema, "Mwanangu, nimekuonea. Miaka yote hii nimekuonea, na wewe unanishonea mashati." Tulilia pamoja hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Mchana alikula sahani nzima akaongezewa. Akataka nimletee kitambaa cha mteja, kile cha suti, nikikate mbele yake. Nilikata. Alikuwa amekaa tu ananitazama, mikono imetulia.

Nilikusamehe siku hiyo. Wakati nikikata, nilikusamehe kabisa, na nilipanga kukuandikia hivyo.

Jana asubuhi nilimwekea chakula. Alinishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "ule ufunguo umeurudisha?"

Sindano


Tarehe 2 Juni

Dada yangu mpenzi,

Uhali gani, na baba yu hali gani? Barua yako niliibeba kwenye mkoba hadi ukumbini.

Nikueleze ya tarehe 30, ingawa hukuja, na sikulaumu. Walikuja ishirini na wanane. Wanne wamekufa kweli, Sindano, wosia wao tuliusoma tumesimama na hakuna aliyejua acheke au anyamaze. Bwana Kesho alichelewa saa mbili. Nilipofika ukurasa wa kumi na tisa sikuusoma. Nilisema: wosia huu aliyeutunga ni mimi, mwenyewe hakunipa hata neno moja, na nilipoulizwa ofisini nilidanganya, na kwa uongo huo mwenzetu alikosa mtihani.

Wakacheka. Wote. Twiga alipiga meza. Walidhani ni kichekesho, Redio anaanza mambo yake. Nikarudia, wakacheka zaidi, maana nilikuwa nalia na walidhani nimejifunza kulia. Mara ya tatu Shangazi akasimama akasema, "Hebu nyamazeni, hatanii huyu." Ukumbi ukanyamaza, nikamaliza. Watu ishirini na wanane wametia sahihi barua iliyomo humu. Inasema kila kitu, pamoja na habari ya hadubini. Nakala imekwenda shuleni.

Sasa baba. Nimefikiri na nimeamua. Kama anasahau, nitakuja kila Jumamosi nimwambie upya. Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka mmoja wetu aondoke duniani. Harusi zote hufanyika mchana, asubuhi zangu ni zako. Sijui adhabu nyingine inayonifaa. Niambie nianze lini. Na niambie, ukiweza, kama ule msamaha wa siku ile bado upo.

Dada yako wa dawati,
Redio


Tarehe 19 Juni

Dada Redio,

Salamu kutoka kwetu. Mimi mzima, wanangu wazima, na baba ameongezeka mwili kidogo, Nesi alimpima juzi. Barua ya darasa nimeisoma, nimewasomea na wanangu. Mkubwa aliniuliza mbona sikuwahi kuwaambia. Nimeitia kabatini pamoja na vyeti vyao.

Usije kumwambia baba tena.

Nitakueleza kwa nini. Siku ile alipouliza upya, na mimi niliwaza kama wewe, kwamba dawa ni kumwambia tena. Nikamwambia: baba, rafiki yangu alikuja, akakiri, ukasikia mwenyewe. Akasikia kama mara ya kwanza. Na akalia kama mara ya kwanza, akanishika uso, akaomba msamaha. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu alilia hadi akakosa pumzi, nikalazimika kumlaza. Yeye kila siku anagundua upya kwamba amemwonea mwanawe maisha yake yote, na hana kesho ya kujisamehe. Mimi nilisafishwa mara tatu ndani ya siku tatu. Ingetosha mara moja.

Alhamisi iliyofuata nilimwekea chakula, akanishika mkono, akauliza. Miaka ishirini na mitano sikuwahi kulitoa neno hilo, hata alipokuwa akisukuma sahani, hata mama alipoumwa akanisihi nilitoe ili nyumba itulie. Nikasema, "Ndiyo, baba. Nimeurudisha."

Akanitazama sana. "Walikupokea vizuri?"

"Walinipokea vizuri."

"Basi alhamdu, mwanangu. Kosa si kosa, kosa kurudia. Lete chakula."

Akala chote. Tangu siku hiyo ananiuliza, namjibu hivyo, anafurahi kweli, anakula. Kwa hiyo darasa zima linajua sikuiba, shule inajua, wanangu wanajua, na mtu mmoja niliyetaka ajue anakwenda zake akiamini niliiba nikatubu. Mimi ndiye ninayemwambia, kwa mdomo wangu, mara tatu kwa siku.

Unauliza kuhusu msamaha. Ile asubuhi aliyokuwa anajua, msamaha ulikuwepo. Leo nikiutafuta, siku nyingine nauona, siku nyingine siuoni. Siwezi kukudanganya.

Lakini Jumamosi zako nazitaka. Kazi imenizidi, majira ya sare yanakuja, na kuna vifungo mia tatu vya kushona kwa mkono. Njoo. Ukikuta ni saa ya chakula, utanisikia nikikiri mbele ya baba. Utataka kusema. Usiseme. Shona.

Dada yako,
Sindano